Babu mchimbaji haonekani: utatuzi wa matatizo ya kumtafuta mhamiaji wa migodi ya Pennsylvania

Binti yetu alirudi na kazi ya shule: chora mti wa ukoo, vizazi vitano. Upande wangu ulikamilika kwa simu moja ya Lushoto. Shangazi alitaja majina mpaka kwa babu wa babu, akaongeza na ugomvi wa shamba ambao sikuuliza. Upande wa mama yake, wenye sensa na vyeti na mahakama za karne nzima, ulikwama njiani. Tulichokuwa nacho ni picha ya mwanamume mwenye sharubu na kauli ya mama mkwe wangu: alitoka Austria, akachimba makaa ya mawe jirani na Wilkes-Barre, Pennsylvania, akafia mgodini. Kauli tatu, na mbili kati yake zilitupoteza kwa miaka miwili.

Matatizo nimeyapanga kama nilivyokutana nayo: unachokiona, kinachosababisha, na la kufanya. Naongelea ukanda wa makaa magumu (anthracite) wa kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania, kaunti za Luzerne, Lackawanna, Schuylkill, Carbon na Northumberland, maana ndio ninaoujua. Mwenye mzee wa Illinois au West Virginia atabadilisha majina ya kaunti na miaka ya vyeti.

DALILI: Sensa haimjui kabisa

Mara nyingi yumo, ila jina lake limepita mikono mingi. Karani wa sensa aliandika alichosikia mlangoni, na aliyemjibu huenda hakuwa mzee mwenyewe bali mke wa mwenye nyumba, au mtoto aliyejua Kiingereza. Miaka mingi baadaye mtu mwingine akausoma mwandiko wa karani na kuuchapa kwenye kompyuta kadiri alivyouelewa.

Chukua jina Kovač, maana yake mhunzi. Kihungari huliandika Kovács, na Pennsylvania utalikuta Kowatch. Faharasa za zamani za sensa hutumia Soundex, mfumo unaogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu ili majina yanayofanana kwa sauti yakae pamoja. Kovač na Kovács yote yanatoa K120. Kowatch inatoa K320, kwa sababu Soundex huiruka W lakini huihesabu T. Ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja kwenye kabati lake. Kama tovuti unayotumia ina mfumo wa Daitch-Mokotoff, ulioundwa 1985 kwa ajili ya majina ya Ulaya Mashariki, tumia huo.

Ukishindwa, acha nafasi ya jina la ukoo wazi. Jaza jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa ukiacha mwanya wa miaka mitano huku na huku, nchi, na kaunti. Ikishindikana tena, fungua kurasa za kitongoji chote usome mstari kwa mstari. Najua inachosha. Lakini vijiji vya kampuni vilikuwa vidogo, na jioni mbili zinatosha.

Ndivyo tulivyompata, sensa ya 1910. Nyumba ya kampuni: mume, mke, watoto watatu, na wapangaji saba wanaokula na kulala hapo hapo. Geto, kwa Kiswahili cha Dar. Yeye ni wa tano katika wapangaji. Jina lake lina herufi sita. Kwenye kaburi lina kumi. Kabla hujafunga ukurasa kama huo, nakili majina ya watu wote wa nyumba ile na ya majirani wa pande zote mbili. Watu hawa hawakukutana kwa bahati. Mmoja alitangulia, akamwita shemeji, shemeji akamwita jirani wa kijijini. Orodha hiyo ndiyo iliyotuokoa baadaye kuliko karatasi yoyote yenye jina lake.

Mawili ya kukuokolea muda. Sensa ya 1890 usiihangaikie. Karibu yote iliharibika kutokana na moto wa Januari 1921 mjini Washington. Na kama mzee wako aliishi Scranton kabla ya 1878, nyaraka zake ziko Wilkes-Barre, kwa kuwa kaunti ya Lackawanna ilikuwa haijamegwa kutoka Luzerne. Majina ya miji nayo yana hila. Mauch Chunk ya kwenye vyeti vya zamani ni mji ambao tangu 1954 unaitwa Jim Thorpe.

DALILI: Kila karatasi inataja nchi nyingine

Kwetu 1900 ilisema Hungaria, 1910 Austria, 1920 Chekoslovakia. Mke wangu alidhani ni watu watatu. Mimi nilimkumbuka bibi mzaa baba, aliyezaliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaolewa Tanganyika, akafia Tanzania, na maisha yake yote hakuhama Usambara.

Dola ya Austria-Hungaria ilisambaratika 1918. Mslovaki wa wilaya ya Šariš alikuwa raia wa ufalme wa Hungaria ndani ya dola ile, kwa hiyo majibu yote matatu ni ya kweli. Vivyo hivyo, anayeandikwa Urusi anaweza kuwa Mlithuania au Mpolandi, na anayeandikwa Austria anaweza kuwa Mpolandi au Mukraine wa Galicia, jimbo la Austria wakati ule. La kufanya: tazama lugha. Sensa za 1910 na 1920 ziliuliza lugha ya mama, na jibu hilo linaaminika kuliko jina la nchi. Dhehebu nalo linasema mengi. Mkatoliki wa madhehebu ya Kigiriki kutoka Hungaria ya kaskazini huenda ni Mrusini, yaani Mslavu wa milima ya Karpati, na hapo kanisa la kuanzia linabadilika.

Jina la kwanza nalo lilikuwa likibadilika. Mtu yule yule ni Juraj nyumbani, Georgius kwenye kitabu cha ubatizo cha Kilatini, György kwa karani wa Kihungari, na George Pennsylvania. Hili kwetu halipaswi kumshangaza mtu: Yohana wa kijijini ni Johannes kwenye kitabu cha wamisionari na John kwenye kitambulisho. Gumu ni yale yasiyofanana kabisa. Wojciech wa Poland aliweza kuwa Albert au hata George, na Czesław akawa Chester. Tena Wahungari hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo jaribu kutafuta ukiwa umeyapindua majina.

DALILI: Wamejaa, wote jina moja

Huyu ni mzee wa Wales. Wachimbaji wa Wales walifika mapema, wenye ufundi, na wengi wakawa wasimamizi. Majina yao ya ukoo ni machache: Jones, Davies, Evans, Thomas, Williams. Usimtafute mtu mmoja; tafuta watatu kwa pamoja, mume, mke na mtoto wa kwanza, na usikubali ukurasa wowote usio na wote watatu. Kisha nenda makaburini. Mawe ya Wawelsh, mengi yakianza na maneno Er cof am, yaani kwa kumbukumbu ya, mara kwa mara hutaja parokia aliyozaliwa marehemu. Hayo hayamo kwenye sensa yoyote.

DALILI: Meli haionekani

Kwanza ondoa kisa cha afisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, aliyembadilishia babu jina. Kila familia inacho, na si kweli. Orodha ya abiria iliandikwa na watu wa kampuni ya meli kule Ulaya; afisa wa New York aliihakiki tu, mara nyingi akiwa na mkalimani. Kwa hiyo mtafute kwa jina la kule alikotoka, si hili la kaburini.

Kinachofuata ni bandari. Ellis Island ilifunguliwa Januari 1, 1892; kabla yake abiria wa New York walipitia Castle Garden, kuanzia 1855 hadi 1890. Lakini si wote walishukia New York. Wachimbaji wengi waliingia Baltimore au Philadelphia. Upande wa kuondokea, orodha za Hamburg za 1850 hadi 1934 zimehifadhiwa, na nyingi zinataja mji au kijiji cha msafiri. Za Bremen sehemu kubwa haipo tena, kwa hiyo kimya cha Bremen hakithibitishi lolote.

Halafu kuna jambo lililotupoteza sisi: alisafiri zaidi ya mara moja. Wanaume wengi walikuja kuchuma, wakarudi kununua shamba au kuoa, wakaja tena. Mwaka wa kuingia uliotajwa 1910 unaweza kuwa wa safari ya kwanza, na wa 1920 ukawa wa pili. Tafuta safari zote, ila ipende zaidi ile ya baada ya 1907, kwa sababu fomu za wakati huo zinauliza alikozaliwa, ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani, na anakwenda kwa nani Marekani. Hapo kwenye anakwenda kwa nani, sisi tulikuta jina la mwenye nyumba yule wa sensa, limeandikwa shemeji.

Ukiona tarakimu na tarehe zimebanwa juu ya jina lake kwa wino tofauti, usidhani ni uchafu. Mara nyingi ni alama ya karani aliyerudi kuhakiki safari miaka mingi baadaye, mzee alipoomba uraia. Maana yake ni kwamba faili la uraia lipo.

DALILI: Umri hauendani

Acha hesabu kali. Watu wengi hawakuijua tarehe yao, na kwa wavulana umri ulikuwa wa kununulia kazi. Sheria ya Pennsylvania ya 1885 ilikataza mtoto chini ya miaka 12 kufanya kazi kwenye majengo ya kuvunjia na kuchambulia makaa, na chini ya 14 kuingia shimoni. Mzazi alisaini tu kwamba mtoto ametimiza. Kwa hiyo mvulana anayeruka kutoka miaka 8 hadi 12 katikati ya karatasi mbili za mwaka mmoja si watu wawili. Waliosikia habari za watoto wa Mererani walioitwa nyoka, waliopenyezwa kwenye mashimo membamba ya tanzanite, wataelewa mara moja. Kwa mtoto, amini kitabu cha ubatizo.

DALILI: Alifia mgodini, lakini hakuna cheti cha kifo

Angalia mwaka kwanza. Pennsylvania ilianza kuandikisha vifo kwa jimbo zima Januari 1906. Kati ya 1893 na 1905 vipo vitabu vya kaunti, vyenye mapengo. Kabla ya hapo tegemea kanisa, gazeti na kaburi. Vyeti vya jimbo huwa wazi kwa umma baada ya miaka 50.

Lakini wachimbaji wana karatasi ambayo mkulima au fundi cherehani hana. Septemba 6, 1869, moto uliwaka kwenye mgodi wa Avondale, uliokuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, wakafa watu 110. Mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria ya ukaguzi, na tangu hapo wakaguzi wa migodi wakawa wanatoa taarifa kila mwaka, wilaya kwa wilaya. Zina majedwali ya ajali: tarehe, jina, kazi, umri, mgodi, na sababu kwa mstari mmoja, kama paa kuporomoka, gesi, au kugongwa na behewa. Miaka ya baadaye hutaja na taifa. Safu mbili nyembamba pembeni zinahesabu wajane na yatima. Katika makaa magumu peke yake walikufa zaidi ya watu 30,000 tangu 1870, kwa hiyo jiandae, kurasa ni nyingi na zinasomeka kwa uchungu. Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo, iliyoko Harrisburg, ina pia madaftari ya ajali za migodini kuanzia 1899.

Mzee wetu hakuwemo kwenye jedwali la vifo. Tulilisoma mara mbili. Kumbe kauli ya mama mkwe, akafia mgodini, ilikuwa imekata kona: aliumia mgodini, akafa hospitalini wiki tatu baadaye. Kwenye taarifa ya mkaguzi yumo kwenye jedwali la majeruhi, mguu umevunjika, na hakuna aliyerudi kusahihisha. Kwa hiyo soma majedwali yote mawili. Soma na mwaka unaofuata, kama ajali ilitokea Desemba.

Hutokea pia kwamba orodha yenyewe haikukamilika. Monongah, West Virginia, Desemba 6, 1907, hesabu rasmi ilikuwa 362, lakini wachimbaji walizoea kuingia na ndugu au vijana wa kuwasaidia ambao hawakuandikishwa popote. Na kinyume chake: kama familia inasimulia kwamba mzee alinusurika kwa sababu ya sikukuu, usicheke. Mgodi wa Darr, Pennsylvania, ulipolipuka Desemba 19 mwaka huo huo na kuua 239, Wakatoliki wengi wa madhehebu ya Kigiriki walikuwa kanisani, kwa kuwa kwa kalenda yao ya zamani ilikuwa siku ya Mtakatifu Nikolasi.

Ukikipata cheti, chunguza jina la mtoa taarifa kabla hujaamini majina ya wazazi wa marehemu. Cha kwetu kilitolewa taarifa na mpangaji mwenzake, na mama wa marehemu ameandikwa kwa jina la mke wake. Ugonjwa ukiandikwa pumu ya wachimbaji, huo ni vumbi la makaa mapafuni, hata kama alikuwa ameacha kazi miaka kumi kabla.

DALILI: Kampuni inasema haijawahi kumwajiri

Yawezekana ni kweli. Katika makaa magumu mchimbaji mwenye cheti alipewa chumba chake chini ya ardhi, akalipwa kwa alichotoa, na yeye ndiye aliyemchukua kibarua wa kupakia na kumlipa kutoka mfukoni mwake. Kibarua hakuwa na mstari kwenye daftari la mishahara. Wageni wengi walianzia hapo, na sheria iliwachelewesha: tangu 1889 mchimbaji alitakiwa kuwa na cheti, baada ya kufanya ukibarua miaka miwili, na tangu 1897 alitakiwa kujibu walau maswali 12 kwa Kiingereza. Kwa miaka ile tafuta jina la mchimbaji aliyemwajiri. Anza na shemeji.

DALILI: Faili la uraia halisemi kitu

Tarehe ya kukumbuka ni Septemba 27, 1906. Kabla yake mahakama yoyote yenye masjala iliweza kutoa uraia, na fomu nyingi zinataja tu kwamba fulani anamkana mfalme fulani. Baada yake fomu ni za serikali kuu, zenye mahali pa kuzaliwa, meli, mke na watoto. Kwenye safu ya uraia ya sensa, herufi “Na” maana yake ni raia tayari, “Pa” ameanza maombi, “Al” bado mgeni. Kwa mwanamke aliyeolewa kabla ya Septemba 1922 usitafute faili lake. Uraia wake ulifuata wa mume.

Kama hakuwahi kuomba, jaribu kadi za kuandikishwa jeshini. Wageni nao waliandikishwa. Kadi za Juni 1917 zinauliza mahali pa kuzaliwa na mwajiri. Za Septemba 1918 haziulizi kuzaliwa, ila zinataja ndugu wa karibu. Wazee waliozaliwa kati ya mwishoni mwa Aprili 1877 na katikati ya Februari 1897 waliandikishwa tena Aprili 1942.

DALILI: Jina la kijiji halimo kwenye ramani

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na karibu kila mara kijiji kipo. Kimebadilishiwa jina tu. Prešov ya leo ni Eperjes kwa Kihungari, Bardejov ni Bártfa, Lviv ilikuwa Lemberg kwa Kijerumani na Lwów kwa Kipolandi. Tafuta orodha ya vijiji ya wakati ule, si ramani ya leo. Ukiwa na jina baya mno kusomeka, lichukue lile la mpangaji mwenzake ulinganishe.

Sisi hatukuwa hata na jina baya. Tulikuwa na mtu bila kijiji, mpaka mama mkwe alipotoa bati la biskuti lenye vifungo na ndani yake kijitabu chenye ukubwa wa kiganja, jalada limeliwa na unyevu, mihuri ya ada ya kila mwezi imepangwa vizuri mpaka mwezi wa ajali. Nilikitambua kabla ya kukisoma. Ni kitabu cha chama cha kufa na kuzikana, kama cha marehemu baba.

Kabla ya sheria ya fidia ya Pennsylvania kuanza kazi Januari 1916, mchimbaji aliyekufa alimwachia mkewe deni la duka la kampuni na nyumba ya kuhama. Kwa hiyo wageni waliungana wenyewe. Muungano wa Kwanza wa Wakatoliki wa Slovakia, maarufu kama Jednota, ulianzishwa Cleveland mwaka 1890. Muungano wa Wakatoliki wa Kigiriki ulianzishwa Wilkes-Barre mwaka 1892. Wapolandi walikuwa na muungano wao hata kabla ya hapo. Chama kililipa mazishi na mjane, na ili kulipa kilihitaji kujua mjane ni nani na yuko wapi. Nyaraka za vyama vingi vya namna hii zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, kwenye mkusanyo wa historia ya uhamiaji. Namba ya tawi iliyo kwenye kijitabu ndiyo ufunguo wa kuombea faili.

Kama huna bati la biskuti, tazama jiwe la kaburi, mara nyingi nembo au herufi za chama zimechongwa chini ya jina. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa la ubavu, maandishi yaliyochakaa yatajitokeza yenyewe. Usisugue kwa brashi ya chuma. Juu ya Tu odpočíva, hapa amepumzika, huenda ukakuta picha ndogo ya kauri. Yetu ilikuwepo, sharubu zile zile.

Faili la madai lilikuwa na karatasi nne. Mnufaika wa kwanza si bibi tuliyemjua. Ni mwanamke mwingine, mke, na anwani yake ni kijiji cha wilaya ya Šariš, kwa tahajia ya Kihungari. Yule wa Pennsylvania ameongezwa chini kwa mwandiko tofauti. Mama mkwe aliikunja karatasi, akaifunua, akasema chakula kinapoa.

Vitabu vya kanisa vya kijiji kile vimepigwa picha na vinasomeka bila malipo. Vinataja namba ya nyumba na wasimamizi wa ubatizo. Msimamizi wa babu ana jina la ukoo la yule shemeji mwenye nyumba. Ukifuatilia Poland iliyokuwa chini ya Urusi utakuta tarehe mbili kwa tukio moja: kalenda ya zamani ya Kirusi na ile ya Magharibi zilipishana siku 12 katika karne ya 19 na 13 kuanzia 1900. Andika zote mbili.

Kazi ya shule ilikuwa imeshasahihishwa miaka miwili nyuma, na tawi la babu liliachwa na alama ya kuuliza. Mwalimu alitoa alama zote.